Tuitengeneze Nyumba ya Bwana, na Milango Yake Tuifungue

Masomo: 2 Wafalme 12:4-15; Mathayo 21:12-16



Ufunguo wa kanisa letu la zamani umetundikwa msumarini ndani ya sakristia, nyuma ya kanzu za wahudumu. Tangu tulipohamia kanisa jipya mwaka 2011, ufunguo huo umeguswa mara chache sana. Tunapita mbele ya kanisa lile kila Jumapili, tukiwa tumevaa vizuri, vitabu vya sala mikononi, na macho tumeyaelekeza mbele. Twajua popo wamo ndani. Twajua mchwa wamepanda kwenye boriti za upande wa kaskazini. Twajua ufa ulio juu ya mlango mkubwa umekuwa mpana kiasi cha kuingiza vidole vitatu.

Sasa jambo hili haliwezi kungoja tena. Baada ya Pasaka mkutano mkuu wa parishi utakaa, na mbele yake yatakuwapo mapendekezo matatu. La kwanza, kanisa la zamani libomolewe, na mawe yake yatumike kujengea ukuta wa uwanja. La pili, ligawanywe kuwa fremu za biashara, ili parishi ipate kodi kila mwezi. La tatu, litengenezwe kama lilivyokuwa, nalo litumike siku za kazi kwa chekechea, kwa kliniki ya watoto wachanga, na jioni kwa wanafunzi wasio na taa nyumbani. Wenye kila pendekezo ni Wakristo wenzetu, na hakuna anayelitakia kanisa mabaya. Lakini hatuna budi kuamua, na kabla ya kuamua yatupasa kulisikiliza Neno la Mungu. Ndiyo sababu tumeombwa kuandika machache haya.

Tuanze na mfalme Yoashi. Alitawazwa akiwa mtoto wa miaka saba, naye alilelewa na kufundishwa na kuhani Yehoyada. Alipokuwa mtu mzima aliona kwamba nyumba ya Bwana ina mabomoko, akaagiza makuhani watumie fedha zinazoletwa na watu kuyatengeneza. Agizo lilikuwa jema. Lakini soma mstari wa 6, ndugu msomaji. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, hakuna hata ufa mmoja uliozibwa. Fedha zililetwa, makuhani walikuwapo, sala ziliendelea, sadaka zilitolewa, na ukuta ulizidi kubomoka.

Je, makuhani wale walikuwa waovu? Biblia haisemi hivyo. Twadhani walikuwa kama sisi tu. Kila mmoja aliuona ufa, na kila mmoja alidhani kuna mwingine anayeushughulikia. Mtu akiuona ufa kila siku, mwisho macho yake huuzoea, akadhani jengo liliumbwa nao. Sisi tuliofundisha darasani kwa miaka mingi tuliandika ubaoni, mbele ya watoto wa watu, methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto waliinakili kwa mwandiko mzuri. Kisha siku ya Jumapili tuliketi chini ya ufa, tukaimba.

Yehoyada alifanya nini basi? Alichukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume wa mtu aingiapo. Fedha zilipojaa, walikuja watu wawili kuzihesabu pamoja: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Zikafungwa mifukoni, zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wakata mawe, wakanunua miti na mawe ya kuchonga. Mstari wa 13 waeleza kwamba fedha hizo hazikutengenezewa vyombo vya fedha wala tarumbeta. Ukuta ulitangulia, mapambo yakangoja. Na mstari wa 15 wasema kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa maana walikuwa waaminifu.

Hapa tuna mafundisho matatu ya kazi. Kasha liwe mahali panapoonekana na wote. Fedha zihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja. Na kilichotolewa kwa ajili ya ukuta kiende ukutani. Parishi nyingi zimegawanyika kwa sababu ya kusahau moja kati ya hayo matatu. Wala tusijifiche nyuma ya mstari wa 15 tukasema kwamba hesabu haihitajiki. Wale hawakudaiwa kwa sababu uaminifu wao ulikuwa umejulikana. Sisi tuusomee mkutano hesabu zetu, ili uaminifu wetu nao upate kujulikana.

Lakini mtu aweza kuuliza: Yoashi alitengeneza Hekalu ili liendelee kuwa Hekalu. Ninyi mnataka kutia watoto wa chekechea, mizani ya kliniki na madawati ndani ya nyumba iliyowekwa wakfu. Je, si Bwana Yesu mwenyewe aliyewafukuza watu Hekaluni kwa kuigeuza nyumba ya sala?

Swali hili ni la haki, na limeulizwa na watu wanaolipenda kanisa. Tafadhali fungua Mathayo sura ya 21, usiishie mstari wa 13 kama tulivyozoea. Katika mstari wa 12 na 13 Bwana anawafukuza waliokuwa wakiuza na kununua, anapindua meza za wenye kubadili fedha na viti vya wauza njiwa. Mstari wa 14, mara tu baada ya meza kuanguka, vipofu na viwete wanamwendea mle mle Hekaluni, naye anawaponya. Na mstari wa 15, watoto wanapaza sauti mle mle Hekaluni, wakimsifu. Ni nani waliokasirika? Wakuu wa makuhani na waandishi.

Ndugu, tulipolitazama fungu hili pamoja katika kikundi chetu cha kusoma Biblia tulikaa kimya kwa muda. Kwa miaka mingi tulilitumia kuwazuia watoto wasikimbie kanisani. Na kumbe Bwana siku ile hakumfukuza mtoto hata mmoja. Wala hakumtoa mgonjwa. Alitoa meza za biashara, na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na wagonjwa na watoto. Basi swali la kuuliza juu ya kanisa letu la zamani si kama litatumika siku zisizo za Jumapili. Swali ni hili: ni nani watakaoingia, na je, mlangoni wataulizwa fedha?

Mwaka 2018 tulisafiri watu 14 wa parishi hii kwenda Unguja. Tulikwenda kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha kwa boti. Tulikwenda hasa kuona Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, ambalo wazee wetu wa kusini walitusimulia tangu utoto. Twaeleza habari zake kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mahali pale pametufundisha jambo hili kuliko hotuba yoyote.

Pale Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Watu kutoka bara, pamoja na watu wa nchi hizi zetu za kusini na za kando ya Ziwa Nyasa, walifikishwa pale baada ya safari ya miguu na ya jahazi, wakasimamishwa, wakatazamwa meno na mikono, wakatajiwa bei. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa katika nchi yake. Kiwanja kile kikanunuliwa na padre mmoja wa Misheni ya Vyuo Vikuu, Padre West, na sehemu ya kando yake ikatolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyepata kuwa Askofu mwaka uliofuata. Huyu ndiye aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko katika lugha yetu. Mtu wa vitabu alijikuta akisimamia chokaa na mawe. Paa lake ni la duara, kama nusu ya pipa, nalo lilimiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji. Watu walioachwa huru walifanya kazi pale pale ambapo watu kama wao waliuzwa. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe, aliye Mwislamu. Tazameni basi: kiwanja cha Mhindu, saa ya Mwislamu, na mikono ya watu walioachwa huru. Tangu mawe yake ya kwanza kanisa lile lilijengwa na zaidi ya Wakristo.

Mbele ya altare tulionyeshwa mduara wa marumaru nyeupe uliozungushiwa nyekundu. Kwa masimulizi, pale ndipo ulipokuwa mti waliofungiwa watumwa wakichapwa. Karibu na mahali pa ubatizo zipo nguzo ambazo, kwa masimulizi hayo hayo, mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati Askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Mzee mmoja katika msafara wetu alicheka sana, akasema, “Kumbe hata Askofu alikuwa na mafundi kama wetu.” Askofu Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Upo pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa.

Lakini kanisa hilo nalo lilizeeka. Bahari iko karibu, hewa ina chumvi, mvua ya masika haina huruma. Maji yalipenya, nyufa zikatokea. Ndipo Dayosisi ya Zanzibar, pamoja na shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale liitwalo World Monuments Fund, na kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, wakaifanya kazi ya kulitengeneza, kazi iliyokamilika mwaka 2016. Na hawakuishia kwenye kanisa. Jengo la jirani, la Mtakatifu Monika, lililokuwa hospitali ya misheni, lilitengenezwa kuwa mahali pa maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa. Huko huingia Mwislamu na Mkristo, mwanafunzi na mgeni. Wengi hutoka wakiwa kimya.

Tafakarini mabadiliko ya mahali pale. Kwanza soko la watu. Kisha nyumba ya sala na hospitali ya wagonjwa. Kisha sala ikiendelea, na hospitali ya zamani ikawa shule ya kumbukumbu. Jengo limebadilika kazi zaidi ya mara moja, na Mungu hakuona haya. Lakini tangu 1873 kuna jambo moja ambalo halikuruhusiwa kurudi pale, nalo ni mtu kutajiwa bei. Hilo ndilo tulilolileta nyumbani katika mizigo yetu.

Kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi? Kwa sababu kanisa letu ni mtoto wa kanisa lile. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kuja kusini, wakakaa Masasi. Kutokana na mbegu ile makanisa mengi ya nchi hizi yalimea. Waashi wa kwanza wa kanisa letu la zamani, kama babu zetu walivyotusimulia, walijifunza uashi kwa watu wa misheni ile. Walijenga kwa mawe na udongo, wakapiga chokaa juu. Walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliowahi kuwa na bei.

Basi tunapozungumza juu ya fremu za biashara, tufikiri vizuri. Biashara si dhambi. Wengi wetu tunakula kwa biashara na kwa korosho zetu. Parishi ikitaka kujenga fremu kando ya barabara, na ijenge, sisi tutachangia. Lakini mlango ule, uliojengwa na watoto wa waliouzwa, tusiugeuze kuwa mlango ambao asiye na fedha hana sababu ya kuuingia. Bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye sasa hatoki tena nyumbani, alituambia tulipompelekea Ushirika Mtakatifu, “Wanangu, mimi nilibatizwa mle, nikafunga ndoa mle, na mume wangu alitolewa mle. Mkiweka watoto, mnibebe nikawaone. Mkiweka duka, mnipitishe njia nyingine siku ya kunizika.”

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana imani bila udongo mikononi haijengi ukuta.

Na hapa yatupasa kwanza kuungama. Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, ukuta wa kusini wa kanisa la zamani ulikuwa umelowa na lipu yake ya chokaa imeanza kumeguka. Kamati ya majengo wakati ule ilikuwa sisi wenyewe, walimu vijana tuliojiona wasomi. Tuliona chokaa ni mambo ya kizamani. Tulichanga fedha, tukanunua saruji, tukapiga ukuta wote lipu ya saruji, ukang’aa. Tukapiga picha. Haikupita miaka mitano lipu ile ikaanza kudondoka kwa vipande vikubwa, na kila kipande kiling’oka na uso wa jiwe. Fundi mzee wa kijijini alikuja, akabisha ukuta kwa kidole kama anayebisha hodi, akasema, “Walimu, ukuta huu ulikuwa ukipumua. Ninyi mmeuziba pua.”

Alikuwa sahihi. Ukuta wa mawe na udongo hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Chokaa ina vijitundu vidogo, nayo huruhusu unyevu kutoka nje na kukauka na jua. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi ya ardhi. Chumvi ile ikikauka nyuma ya lipu huwa punje, na punje hizo husukuma hadi jiwe linameguka. Kwa hiyo sisi tuliotaka kuuokoa ukuta ndio tuliouumiza. Twaliandika hili ili vijana watakaoshika kazi wasirudie kosa letu, na pia kwa kuwa kosa lililofichwa na wazee huwa mtego kwa watoto.

Basi, mpango uliopendekezwa na kamati ya sasa, ambayo ina fundi mwashi na seremala ndani yake, ni huu. Kwanza maji. Udongo uliojaa kando ya kuta ushushwe, mifereji ya kupeleka maji mbali ichimbwe, na mabati yaliyotoboka yabadilishwe. Kazi hiyo ni ya majembe, na yaweza kufanywa na sisi wenyewe wakati wa kiangazi. Pili boriti. Zilizoliwa na mchwa ziondolewe, nyingine zitiwe dawa. Tatu lipu ya saruji ibanduliwe taratibu, kisha ukuta uachwe ukauke msimu mzima. Uvumilivu huu utatushinda kama hatukuombeana, maana tumezoea kuona kazi ikimalizika kabla Askofu hajaja kuitazama. Nne chokaa. Izimwe kwa maji, ilazwe shimoni, ipigwe kwa tabaka nyembamba, nayo ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa isikauke upesi. Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya sikukuu ya somo wetu, vijana wapake maji ya chokaa. Ukuta wa chokaa hutaka kukumbukwa kila mwaka, kama kaburi la mzazi.

Na matumizi je? Altare itabaki mahali pake. Patakatifu patatengwa kwa kizuizi cha mbao chenye milango, kitakachofungwa siku za kazi na kufunguliwa wakati wa ibada. Birika la ubatizo halitasogezwa. Mabenchi yatafanywa ya kubebeka. Asubuhi watoto wa chekechea watakaa katika ukumbi. Siku moja kila mwezi mizani ya kliniki itatundikwa, ili akina mama wasisimame juani chini ya mwembe. Jioni taa za umeme wa jua zitawaka kwa ajili ya wanafunzi. Jumatano jioni zitasomwa sala za jioni mle mle. Vyoo vitajengwa nje, na mlango wa kando utawekewa njia ya mteremko kwa ajili ya wazee na wenye baiskeli za magurudumu matatu. Kila kitakachoongezwa kiwe cha namna inayoweza kuondolewa bila kuumiza ukuta wa zamani, ili wajukuu wetu wakiona tulikosea waweze kusahihisha. Na hakuna msumari utakaopigwa kabla ya kibali cha Askofu.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni mageni katika Kanisa letu. Huko Uingereza, katika karne za kale, ukumbi wa kanisa la kijiji ulikuwa mahali pa watu: walikutania humo kwa shughuli zao, na upande wa altare ukatengwa kwa kizuizi cha mbao chenye msalaba juu yake. Mabenchi yasiyosogezeka yalikuja baadaye sana. Na katika siku zetu hizi vipo vijiji huko ambavyo ofisi ya posta au duka la mwisho la kijiji lilipofungwa, kanisa lilifungua mlango wake likaipokea huduma hiyo, na ibada zikaendelea. Sisi hatuigi Waingereza. Twaonyesha tu kwamba kanisa kuwa nyumba ya kijiji ni desturi ya zamani, na kulifunga kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ndiko kugeni.

Wapo wanaosema, “Fedha hizi zingemalizia kanisa jipya.” Twawaelewa. Kanisa jipya bado halina dari. Lakini sisi tunaketi pale saa 2 kwa juma, na tunavumilia. Mtoto wa jirani anaketi chini ya mwembe siku 5 kwa juma, na mvua ikinyesha anarudishwa nyumbani. Kumbukeni kasha la Yehoyada: tarumbeta zilingoja. Dari ni tarumbeta yetu. Nayo itakuja.

Tukitazama kitabu cha Nehemia sura ya 3, twaona jinsi kazi kubwa inavyogawanywa. Wafua dhahabu walijenga ukuta. Watengenezaji wa manukato walijenga. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Wakubwa wa Tekoa tu ndio waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi, na mpaka leo kukataa kwao kunasomwa makanisani. Tusipende kuandikwa hivyo.

Kwa hiyo twaomba kila kaya ifikirie mambo mawili kabla ya mkutano. La kwanza, msimu ujao wa korosho, tenga kilo 2 kabla hujapeleka mzigo wako chama cha msingi, na thamani yake uitie katika kasha litakalowekwa kanisani upande wa kuume. Mwenye zaidi atoe zaidi, asiye na korosho alete jembe. La pili, chagua siku moja ya kiangazi kwa ajili ya mfereji. Sisi tuliopaka saruji mwaka 1998 tumeshajiandikisha kuwa wa kwanza kuibandua. Magoti yetu hayana nguvu kama zamani, lakini nyundo ndogo twaweza kushika, na ni haki tuishike sisi.

Ndugu wapendwa, Mtume Petro anatuita mawe yaliyo hai, tunaojengwa kuwa nyumba ya kiroho. Tumelihubiri fungu hilo mara nyingi. Lakini jiwe lililo hai likipita mbele ya jiwe lililoanguka, kila Jumapili, kwa miaka mingi, bila kuinama, twaweza kuuliza uhai wake uko wapi. Bwana alipoingia Hekaluni alikuta nyumba imejaa, lakini imejaa vitu visivyotakiwa, na waliotakiwa wako nje. Alipotoka aliiacha ikiwa na watoto wanaopiga kelele na viwete wanaotembea. Siku atakapopita kwetu, na apakute hivyo.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, mbingu hazikutoshi, lakini ulikubali kukaa katika nyumba zilizojengwa na mikono yetu. Utusamehe nyufa tulizozizoea. Uwakumbuke waliotujengea, waliojua bei ya mtu sokoni, wakajenga mahali ambapo mtu hana bei. Utupe moyo mmoja katika mkutano wetu, uaminifu katika kasha letu, na uvumilivu wa kungoja ukuta ukauke. Milango yetu ifunguliwe kwa ajili ya wadogo, nawe uingie pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.